Usimsalimie Mtu Mwenye Chuma Kifuani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribia kuua mtu kwa shikamoo.

Ilikuwa Korogwe, mtaa wa Manundu, kwenye ghala la zamani la mkonge ambalo mwenye mali alikuwa ameligeuza kuwa jimu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu si ya kuficha wala si ya kutangaza, nikapata kazi ya mhudumu: kufagia, kufuta jasho kwenye mabenchi, kurudisha vyuma mahali pake. Nikaingia asubuhi na ufagio wangu. Mbele yangu mzee mmoja amelala chali kwenye benchi, mtaimbo ameushusha mpaka kifuani, sahani nene za chuma kila upande. Mimi nimelelewa. Ukimkuta mtu mzima unamsalimia, awe amekaa au amelala. Nikapiga goti kidogo nikasema, "Shikamoo, mzee."

Na yeye amelelewa. Akajibu, "Marahaba," na pumzi yote aliyoibana ili asukume ule mtaimbo ikatoka pamoja na marahaba yake. Chuma kikamlalia. Miguu ikawa inapiga hewa kama ya mbuzi wa sikukuu. Mimi na ufagio wangu tumesimama tunaangalia.

Aliyemwokoa ni Kocha Mkuu. Alitoka chumba cha nyuma bila kukimbia, akashika mtaimbo katikati, akauinua kama mtu anayefunua sufuria, akaurudisha kwenye vyuma vyake vya kuegeshea. Kisha akanigeukia. Nikajua kazi imeisha kabla sijafagia.

"Binti, mtu akikutana nawe njiani amejitwika gunia la mahindi, unamsimamisha umuulize habari za shangazi yake?"

"Hapana, mzee."

"Unafanyaje?"

"Nasubiri atue."

"Basi humu ndani kila mtu amejitwika. Subiri atue. Akishatua, msalimie mpaka achoke kusalimiwa. Hiyo ndiyo kazi yako kuanzia leo."

Nilidhani ananikejeli. Kumbe alikuwa amenipa kazi yenyewe, ile ninayoifanya mpaka leo nikiwa mama wa mtoto mmoja. Naandika haya kwa ajili ya walimu wapya wa jimu zetu, wa Korogwe na wa Handeni, kwa sababu nimechoka kurudia kwa mdomo na kwa sababu nikiwaona mnavyopumzika, hasira inanipanda hadi kisogoni. Mmoja anapumzika kama anakimbizwa na polisi. Mwingine anakaa na simu anatazama watu wakicheza, jasho linakauka mwilini, kisha anarukia chuma kizito misuli ikiwa imepoa kama uji wa jana. Halafu mgongo ukimkamata anakuja kwangu analia. Sina mvi, lakini nimefundishwa na mwenye mvi, kwa hiyo mtanisikiliza.

Kocha Mkuu alizaliwa kambini Mazinde, kwenye mashamba ya mkonge. Babu yake alikuja kwa mguu kutoka mbali, manamba, mtu wa mkataba, akakata mkonge mpaka akasahau njia ya kurudi kwao. Baba yake akaukata huohuo. Yeye mwenyewe ujanani alikuwa mpakiaji: kazi yake ni kubeba marobota, yale mafurushi ya singa, nyuzi za mkonge, zilizobanwa kwa mashine, kutoka ghalani mpaka kwenye behewa. Alipofungua mdomo kuhusu kupumzika hakuwa anasoma mahali.

"Wapakiaji wazuri hawakuwa wale wenye nguvu," aliniambia. "Walikuwa wale wanaojua kusimama. Mwenye nguvu asiyejua kusimama, saa nne asubuhi amekwisha, na behewa bado lina njaa."

Ngoja niwaeleze maneno ya kazi, maana wapo wanaoona aibu kuuliza. Ukinyanyua chuma mara moja na kukishusha, hilo ni rudio. Marudio kadhaa mfululizo bila kutua ni seti. Kati ya seti na seti kuna mapumziko, na hapo ndipo penye ubishi wote. Ukipumzika kidogo mno, seti inayofuata unaikuta huna kitu, marudio yanapungua, mwili unaanza kuiba kwa mgongo kile ambacho miguu imeshindwa. Ukipumzika kupita kiasi unapoa, na akili nayo inaondoka, unaanza kuwaza mboga. Chuma chepesi cha kutoa jasho kinataka mapumziko mafupi, nusu dakika, dakika. Chuma cha wastani, cha kujenga mwili, kinataka dakika moja na nusu, mbili, na hata zaidi kama bado unahema. Chuma kizito, kile cha marudio machache unachokinyanyua meno yameumana, kinataka dakika tatu mpaka tano, na usione haya.

Sasa Kocha Mkuu hakuwa na saa ukutani. Ilikuwepo, ikafa, hakuiondoa. Alikuwa na salamu.

Alizigawa tatu. Ya kwanza ni salamu ya mtoto: shikamoo, marahaba, hujambo, shule vipi, haya kacheze. Hiyo ni ya chuma chepesi. Ya pili ni salamu ya jirani: unaulizia nyumba, unaulizia watoto, unaulizia usiku mmelalaje, unatoa pole ya kazi. Hiyo ni ya chuma cha wastani. Ya tatu ni salamu ya mkwe, na ninyi mliokulia huku mnaijua. Mkwe humsalimii ukiwa njiani unapita. Unasimama, unatulia, unaanza na yeye mwenyewe, unakwenda kwa wa nyumbani kwake mmoja mmoja, unashuka shambani, unaulizia mvua, unaulizia mbuzi, unaulizia wagonjwa, na yeye anakurudishia yote uliyomuuliza. Hiyo ni ya chuma kizito. Kila mnyanyuaji alikuwa na mwenzake wa kusalimiana naye, na pale ndani palikuwa na kelele za adabu kama siku ya Idi.

"Na utajuaje kama mtu yuko tayari?" nilimuuliza.

"Msikilize anavyojibu. Akisema 'hatujambo, tunamshukuru Mungu' akaikata katikati kuvuta hewa, bado. Akiisema yote kwa pumzi moja, mpe chuma."

Na kulikuwa na kanuni moja juu ya zote. Mtu wa huku ukimuuliza habari, hata kama paa lake limeng'oka, atakwambia nzuri. Nzuri ndiyo mlango. Ukweli unaingia nyuma yake kwa neno moja: ila. Habari za nyumbani? Nzuri, ila mama mguu unamsumbua. Shamba je? Zuri, ila ngiri wamemaliza mihogo. Kocha Mkuu alikuwa na sikio la popo kwa hilo neno. Mtu akilitamka tu, awe kona gani, anasikia sauti: "Ila imefika. Chuma." Kwa sababu ila ni mwanzo wa hadithi, na hadithi za huku hazina dakika tano. Utaimalizia ukishatua, alisema. Watu walikuwa wanasalimiana kwa tahadhari kubwa, kama wanaopita penye siafu.

Nilifagia, nikasalimia, nikajifunza kunyanyua. Mwaka wa pili nikawa mwalimu msaidizi. Kisha Mkurugenzi, yaani mwenye mali, mtu wa maneno machache na kofia ya kitambaa, akafungua jimu nyingine Handeni mjini, akanipeleka huko kuanzisha zamu ya wanawake. Asubuhi, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, hakuna mwanaume. Ilibidi iwe hivyo. Wanawake wengi wa Handeni ni Waislamu na hata asiye Mwislamu hataki kuchuchumaa na chuma mabegani mbele ya shemeji yake. Walikuja mama lishe, walikuja wauguzi, walikuja wakulima waliokuwa na nguvu kuliko wanaume wa zamu ya jioni ila hawajawahi kuambiwa. Nilifurahi kule jamani. Kuna furaha ya mwanamke anayeinua kitu kizito kwa mara ya kwanza pasipo mtu wa kumtuma akiinue. Anakiweka chini, anajitazama mikono kama ni ya kuazima.

Wawili walikuwa hodari kuliko wote. Mama Zaina, mkulima wa Misima, mabega mapana, sauti ya kuitia ng'ombe. Na Mama Ayubu, fundi cherehani wa mjini, mwembamba kama kamba na mgumu vivyo hivyo. Hawa walikuwa wakwe: Zaina aliolewa na Ayubu. Na walikuwa hawasalimiani.

Kisa ni ukoko. Siku ya harusi ndugu wa Zaina kutoka Misima walichelewa, gari liliwaharibikia, walipofika kwa Mama Ayubu wageni wa mjini walikuwa wameshakula. Wakapakuliwa kilichobaki, ukoko wa chini ya sufuria, bila nyama. Mama Zaina aliula ukoko wote kimya, akanawa, akaondoka. Tangu hapo akikutana na mkwe wake anaangalia juu kama anayetafuta mvua. Mjukuu wakapata, kila mmoja anambeba kwa zamu, na bado.

Mnaona tatizo langu la kikazi. Chuma kizito kinataka salamu ya mkwe, na wanyanyuaji wangu wawili wa chuma kizito ni wakwe wasiosalimiana. Niliwatenganisha, nikawapa wenza wengine, mambo yakaenda.

Kisha nikapata mimba. Niliendelea kufundisha mpaka tumbo likanizuia kuona vidole, nikaenda kujifungua, nikampata Rehema. Nikiwa nyumbani na mtoto, Mkurugenzi akaajiri Meneja.

Meneja alitoka Dar. Simtukani, nasema tu alikotoka. Kijana msafi, raba nyeupe, filimbi shingoni, simu mkononi inayohesabu sekunde. Kwake seti zote ni sawa na mapumziko yote ni nusu dakika. Akipuliza, unanyanyua. Akabandika karatasi ukutani: MARUFUKU KUONGEA. Wanawake wakaanza kunipigia simu, mmoja kaangusha chuma karibu na mguu, mwingine kizunguzungu, wa tatu haji tena. Mwisho akapiga simu Mama Zaina.

"Mwalimu, huyu kijana wako ametufungia."

"Kafunga nini?"

"Zamu yetu. Anasema tunakuja kupiga umbea, tunamaliza saa. Anasema kuanzia wiki ijayo tuje jioni na wanaume, ama tubaki nyumbani. Mimi nichuchumae mbele ya wanaume nina wajukuu?"

Nilimfunga Rehema mgongoni, nikaenda. Nilimkuta Meneja mlangoni.

"Dada, hongera kwa mtoto," akasema.

"Ahsante. Zamu yangu iko wapi?"

"Zamu haikuwa na tija. Wanakaa wanaongea kuliko wanavyobeba. Hapa ni jimu, siyo msibani. Na wewe usijali, dada, una mtoto mchanga. Endelea kupumzika tu nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Pumzika tu. Umeshafanya kazi yako."

Hapo ndipo nilipokasirika kwa namna ambayo sijapoa mpaka leo. Niliambiwa nipumzike na mtu anayechukia mapumziko. Wengine akiwapa nusu dakika, mimi ananipa maisha yangu yote. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu Rehema atajifunza kusoma. Kisha nikampigia Kocha Mkuu. Nikasema zamu ya wanawake imefungwa na mimi nimetolewa nayo.

"Unalia au umekasirika?" akauliza.

"Nimekasirika."

"Vizuri. Namleta Mkurugenzi huko Jumamosi. Wewe niandalie watu wawili wanaong'oa chuma kizito."

Kung'oa, kwa lugha yetu, ni kunyanyua kutoka chini: mtaimbo uko sakafuni, unainama mgongo umenyooka, unaisukuma ardhi kwa miguu mpaka chuma kinafika mapajani. Hakuna zoezi linaloonyesha mapumziko kama hilo, maana chuma kilichokataa kuondoka sakafuni hakina porojo. Na watu wawili wa kung'oa kizito ninao, mnawajua.

Jumamosi tukakaa. Mkurugenzi kwenye kiti cha plastiki, kofia yake magotini. Kocha Mkuu kasimama. Meneja na vijana wake wawili waliokuwa wanang'aa mafuta. Wanawake wangu wamejaa upande wa pili, madera juu, suruali chini. Rehema kwenye mkeka. Siku hiyo walikubali vijana hao na wazee wawili wawaone, kwa sababu wasingekubali ingekuwa siku yao ya mwisho.

Mkurugenzi akasema, "Sitaki maneno. Nionyesheni. Wakishinda kina mama, zamu inarudi na mwalimu wake. Wakishindwa, Meneja aendelee anavyoona."

Kocha Mkuu akampimia kila mmoja uzito wake mwenyewe: ule anaoweza kuung'oa mara tano na kubakiwa na moja tu ya akiba. Seti tano, marudio matano kila seti. Watakaopungukiwa marudio ndio walioshindwa. Vijana watapumzika kwa filimbi ya Meneja, kina mama kwa salamu.

Seti ya kwanza wote safi. Filimbi ikalia, vijana wakarudi, seti ya pili safi, wanacheka, mmoja akamwambia mwenzake mbona wamama bado wamesimama. Na kweli walikuwa wamesimama. Mama Zaina anaangalia paa. Mama Ayubu anaangalia mlango. Hakuna neno. Na ninyi mjue hili ambalo mimi nililijua siku hiyo: hakuna dakika ndefu kama ya kusimama kimya pembeni ya mtu mliyenuniana naye. Haikufika hata dakika moja, Mama Ayubu akaona imekuwa mwaka, akaushika mtaimbo apate pa kuweka macho. Mama Zaina naye akaushika wake, asionekane mvivu. Walimaliza matano, lakini la tano la Mama Ayubu lilitetemeka mpaka sahani zikagongana.

Nikasogea. "Salimianeni."

"Kwani yeye hana mdomo?" Mama Zaina akaliambia paa.

"Mimi nyumbani kwangu hukanyagi, nikusalimie jimu?" Mama Ayubu akauambia mlango.

"Mnataka zamu au mnataka ukoko?" nikasema, na sikusema kwa sauti ndogo. "Mkishindwa leo, hawa wote wanarudi nyumbani kukaa. Mimi narudi nyumbani kukaa. Kwa ajili ya sufuria moja."

Mama Ayubu akauacha mlango, akageuka. Yeye ndiye mdogo kidogo kwa umri, na alijua zamu ya kuanza ni ya nani.

"Shikamoo, mkwe," akasema.

Mama Zaina aliiacha shikamoo ikae hewani. Nilitaka kumsukuma. Kisha akasema, "Marahaba," kama mtu anayetema kokwa.

"Habari za Misima?"

"Nzuri."

"Baba Zaina hajambo?"

"Hajambo." Akavuta pumzi. "Cherehani yako?"

"Nzuri. Mvua je, imefika shambani?"

"Imefika. Mjukuu wangu hajambo?"

"Mjukuu wetu hajambo," Mama Ayubu akasema, "ameota jino."

Mama Zaina akageuka. Mara ya kwanza tangu harusi alimtazama mkwe wake usoni. "Ameota jino hamjaniambia? La juu au la chini?"

"La chini. Limeninyima usingizi, anauma kila kitu, juzi kauma mita yangu ya kupimia."

"Huyo ni wa Misima," Mama Zaina akasema, na akacheka, na kicheko kilitoka bila kukatika. Kocha Mkuu alinitazama. Nami nilikuwa nimesikia: pumzi imerudi. Wakang'oa seti ya tatu, matano na matano, bila kutetemeka.

Upande wa pili filimbi ilikuwa imeshatangulia mbali. Seti ya tatu kijana wa kwanza alipata matatu. Seti ya nne akaushika mtaimbo, akavuta, akavuta tena, chuma kikabaki kimelala. Mwenzake akapata mawili akakaa chini kichwa katikati ya magoti. Meneja akapuliza filimbi. Hakuna aliyeinuka. Akapuliza tena, Rehema akashtuka akaanza kulia, na Mkurugenzi akamwambia taratibu, "Hebu iweke mfukoni hiyo."

Walikuwa vijana wenye nguvu, mnielewe. Sikufurahi kuwaona wamekaa sakafuni. Basi, nilifurahi kidogo.

Nilimchukua Rehema nikamnyonyesha palepale, kanga begani, nikahesabu mapumziko ya mwisho kwa masikio. Wakwe walikuwa wamezama. Walishamaliza watu wa nyumbani, walishamaliza mbuzi, wamefika kwa wagonjwa. Seti moja imebaki. Mama Ayubu akauliza, "Na wewe mwenyewe, mkwe wangu, afya yako?"

"Nzuri," Mama Zaina akasema. "Nzuri, ila ule ukoko..."

"Ila imefika," Kocha Mkuu akasema. "Chuma."

Ukumbi mzima ukaitikia, "Chuma."

Mama Zaina alikuwa na miaka ya ukoko kooni na hakuna aliyemruhusu kuutoa. Akainama kwenye ule mtaimbo na uso umeiva. Akang'oa moja, mbili, tatu, nne, tano. Pembeni yake Mama Ayubu akamaliza matano yake. Mama Zaina akang'oa la sita, ambalo hakuna mtu aliyemwomba. Akakitua chuma mpaka vumbi la zamani likadondoka darini, akamgeukia mkwe wake na kumalizia: "Ulikuwa umeungua."

"Niliuona umeungua," Mama Ayubu akasema. "Niliona haya kuwaambia nyama imekwisha. Njoo Ijumaa nikupikie."

"Nakuja na ndugu zangu."

"Njoo nao. Ila msichelewe."

Mkurugenzi alivaa kofia yake, akanyanyuka. Akamwambia Meneja aiondoe ile karatasi ya ukutani. Akaniambia mimi, "Jumatatu asubuhi, mwalimu," basi, na ndivyo zamu ilivyorudi. Meneja hakufukuzwa, na mimi sikuomba afukuzwe. Nilimfundisha. Leo anasalimia watu mpaka anaulizia jirani wa nyumba ya tatu, na nusu dakika yake tumeiwekea mahali pake, kwenye mazoezi mepesi ya kutoa jasho, ambako inafaa kabisa. Nusu dakika si dhambi. Dhambi ni kumpa kila mgonjwa dawa moja.

Kwa hiyo, walimu wapya, fanyeni hivi. Tumieni simu kama mnataka, saa ni saa. Lakini kabla ya kumrudisha mtu kwenye chuma kizito mwongelesheni, msikie pumzi. Msimwite mvivu mtu aliyesimama kati ya seti mbili. Anafanya kazi, ni kwamba tu kazi hiyo haionekani. Na mwanamke akitoka kujifungua, msimwambie aendelee kupumzika kana kwamba mnampa zawadi. Muulizeni yuko tayari lini, halafu mnyamaze mngoje jibu.

Kocha Mkuu amestaafu. Amerudi Mazinde, ana kinyumba kilichopakana na shamba la mkonge na kiti cha kamba mbele ya mlango. Mwezi uliopita nilimpeleka Rehema akamwone, sasa anatembea na anagusa kila kitu. Tulimkuta amekaa. Mkewe alikuwa jikoni anachambua maharage.

Nilimsalimia kama alivyonifundisha. Shikamoo, marahaba. Habari za hapa, nzuri. Mama hajambo, hajambo. Mahindi, yanatia moyo. Magoti, hayajambo. Jirani aliyekuwa anaumwa, amepona. Alijibu yote kwa pumzi moja moja, ndefu, hakuna kukatika, na mimi nilikuwa nasikiliza pumzi kuliko maneno.

"Na kustaafu kwenyewe, mzee?" nikauliza. "Habari za kustaafu?"

"Nzuri," akasema. Akautazama mkonge. Akamtazama Rehema anayejaribu kuinua kinu cha bibi. "Nzuri, ila nimechoka kukaa."

Nikasimama. "Ila imefika, mzee."

"Nimesema ila?"

"Umesema."

"Sijasema."

"Kasema," mkewe akaitikia kutoka jikoni. "Nimesikia mpaka huku."

Kocha Mkuu akaweka mikono magotini, akainuka kwa miguu na mgongo umenyooka, akaingia ndani kutafuta raba zake.